Mdogo wangu kamaliza dozi ya TB lakini kadi haisemi "amepona". Kupona kunathibitishwaje?

#1 MwanaWaHeru (Kasulu)
Wakuu habari za jioni.

Mdogo wangu wa kiume, miaka 28, aligundulika na kifua kikuu mwaka jana. Alitoa kohozi, likakutwa na vimelea, akaanza dawa. Miezi 6 hakuruka hata siku moja. Nina uhakika kwa sababu mimi ndiye niliyeandikwa kumsimamia, kila asubuhi nilisimama mlangoni mpaka nione vidonge vimeshuka. Leo amerudisha mwili, jasho la usiku limekoma, anabeba gunia la maharage kutoka kwenye gari hadi ghalani bila kupumzika.

Shida ni kadi. Kwenye matokeo ya matibabu wameandika AMEMALIZA MATIBABU. Pana nafasi nyingine ya AMEPONA, hiyo iko tupu.

Anataka kuoa. Upande wa binti msemaji ni mjomba mtu. Aliiomba ile kadi, akaisoma taratibu, akauliza: mbona hawakuandika amepona? Tukarudi kliniki, nesi akasema huyu ni mzima, nendeni mkaoe, ila kadi haibadilishwi. Mjomba anasema maneno ya mdomoni hayachukui, anataka karatasi.

Naomba kuelewa: daktari anajuaje kwamba mtu amepona? Na kama anajua, kwa nini haandiki?

#2 Mawese
Pole mkuu. Nakaa hapa nisubiri wajuzi.

#3 MwishoWaReli (Kigoma mjini)
Mpeleke akapige picha ya kifua. Mapafu yakitoka safi, mjomba atasema nini tena? Halafu mimi hizi dozi za miezi 6 siziamini. Wazee wetu walikuwa wanatumia dawa mwaka na nusu, na walikuwa wanapona kweli. Siku hizi kila kitu haraka haraka.

#4 Hadubini
Mleta uzi, mimi ni mtu wa maabara, miaka 11 mkoa huu huu. Hakuna njama wala uzembe hapo. Ili mtu aandikiwe "amepona" kwenye TB, maabara lazima iwe na ushahidi wake: aliingia kohozi likiwa na vimelea, kisha likapimwa tena mwisho wa mwezi wa 2, wa 5 na mwisho wa dozi, likaonekana safi.

Sasa angalia kinachotokea. Mwezi wa kwanza mgonjwa anakijaza kikopo kabla hujamaliza kumweleza. Mwezi wa 5 unampa kikopo, anazunguka nyuma ya jengo nusu saa, anarudi na mate. Mate hayapimwi. Hana kohozi kwa sababu hakohoi, na hakohoi kwa sababu dawa imefanya kazi. Aliyepona vizuri kabisa ndiye anayekosa cha kuthibitishia. Hapo anayejaza rejista hana ruhusa ya kuandika zaidi ya "amemaliza matibabu". Yote mawili yanahesabiwa kuwa matibabu yamefanikiwa.

Muulize mdogo wako mwezi wa 5 alipeleka nini.

MwishoWaReli, picha ya kifua usimshauri. Kovu la TB linaweza kubaki miaka yote. Mjomba akiliona hilo kovu jeupe kwenye picha, harusi imeisha.

#5 MwanaWaHeru
Mkuu Hadubini umegonga palepale. Nimempigia sasa hivi. La mwezi wa 2 alipeleka, likawa safi. Mwezi wa 5 alirudisha kikopo kitupu, wakamwambia basi endelea na dawa. Shukrani sana, angalau sasa najua kwa nini.

#6 MamaZuhura (Ujiji)
Mwanangu pole. Binti mwenyewe anasemaje? Naona anaongelewa mjomba tu.

#7 ChumviYaUvinza
Si kuna ile mashine ya GeneXpert? Majibu ndani ya saa mbili na inaona hata vimelea vichache sana. Akakamue chochote kitakachotoka, wapime, mjomba apewe majibu yake.

#8 Hadubini
Hapo ndipo utakapomwangamiza. Mashine hiyo inatafuta vinasaba vya bakteria. Bakteria akishakufa vinasaba vyake haviondoki siku hiyohiyo, vinaweza kutoka na kohozi kwa muda mrefu. Mashine haijui aliye hai na maiti. Ndiyo maana tunaitumia kugundua ugonjwa, hatuitumii kufuatilia aliyeko kwenye dawa.

Kinachoonyesha bakteria aliye hai ni kuotesha. Unaweka kohozi kwenye chakula cha bakteria unasubiri, wiki 6 hadi 8. Likiota, yupo hai. Lisipoota, basi kwenye kile kikopo, siku ile, hakuwepo aliyeota. Na bado unahitaji kohozi.

#9 KijanaWaToronto (Tabora)
Waha jamani, posa mpaka ipitie maabara! Huku Toronto tunaulizana ng'ombe wangapi, yakiisha yameisha. Na nyie si ndio mnaongoza nchi kwa malaria? Mjomba apime na hiyo.

#10 Mawese
Mnyamwezi umeamka? Mwangaluka. Hiyo habari yako ni ya 2017, wakati watoto 24 kati ya 100 wa Kigoma walikutwa na malaria. Kwenye utafiti wa 2022 aliyeshika namba moja ni Tabora, 23 kwa 100. Kombe liko kwenu mtani, litunzeni.

#11 Hadubini
Na wote wawili mjue kwamba tafiti hizo zilipima kwa kile kipimo cha haraka cha kidoleni. Kinashika protini ambayo kimelea huiacha kwenye damu, nayo hubaki wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Kwa hiyo kati ya hao 23 na hao 24 wamo watoto waliokuwa wameshapona. Wangapi, kipimo chenyewe hakisemi.

Hili linatuletea ugomvi dirishani kila wiki. Mama anampa mtoto dawa ya mseto, mtoto anachangamka, wiki mbili baadaye anamrudisha "kuhakikisha", mistari miwili. Anatoka amekasirika kwamba dawa ni feki. Kuhakikisha kunataka hadubini, siyo kile.

#12 MamaZuhura
Hilo la malaria nina ushahidi wangu. Mwaka 2016 hapa Ujiji palikuwa na utafiti wa dawa ya mseto, mjukuu wangu akaingizwa. Nilidhani ni siku tatu za vidonge basi. Kumbe kurudi na kurudi, mpaka siku ya 28, kila mara anatobolewa kidole na tone linawekwa kwenye kikaratasi cha kunyonya damu. Siku ya 21 wakakuta vimelea tena. Nikalia, nikasema dawa imeshindwa. Kijana mmoja pale akanikalisha akanieleza: bibi, hatujui bado. Inawezekana ni walewale waliojificha, inawezekana ni mbu mwingine amemng'ata juzi. Wanakwenda kulinganisha vinasaba vya damu ya siku ya kwanza na ya leo.

Mimi nilichokishika ni kwamba mtoto anaweza kupona na kuumwa tena ndani ya mwezi mmoja, na ukimtazama kwa macho hutajua kama alipona katikati.

#13 MsomiWaMwanga
MamaZuhura umeniwahi, hilo ndilo nilitaka kulileta kwenye TB. Mwaka 1999 zilitoka habari za utafiti wa Cape Town: wagonjwa 16 waliokuwa wameshapona TB wakaugua tena. Walipolinganisha vinasaba, 12 kati yao walikuwa na bakteria tofauti na wa mwanzo. Yaani walipona kabisa, wakaambukizwa upya na mtu mwingine. Zamani wote 16 wangeandikwa "ugonjwa umerudi", na lawama zingekwenda kwenye dawa au kwa mgonjwa kwamba hakumeza.

MwishoWaReli, nakuheshimu ila hapo #3 umepotosha. Miezi 6 haikuja kwa haraka haraka, na tena imethibitishwa hapahapa kwetu. Majaribio yalianza 1970 kwenye hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Walilinganisha michanganyiko mbalimbali ya dawa. Mwisho wa miezi 6 karibu wagonjwa wote walikuwa safi, ungewapima siku hiyo usingeona tofauti yoyote kati ya kundi na kundi. Tofauti ikaja kuonekana baada ya kuacha dawa, walipofuatiliwa. Kundi lililokuwa na dawa ya rifampicin ni wachache sana waliorudiwa, baadhi ya makundi mengine ugonjwa ukarudi kwa wengi.

#14 MwishoWaReli
Nimekubali mkuu, la miezi 6 nalifuta. Lakini umenipa nguvu kwa upande mwingine: kama mwisho wa dozi wote wanaonekana safi, basi karatasi ya siku hiyo haina maana. Mjomba ana haki ya kusubiri.

#15 KijanaWaToronto
Sasa mnamtisha mleta uzi.

#16 AsaliYaKaliua
Ngoja niwape ya kwetu, ndefu kidogo mnisamehe.

Baba yangu mdogo ni mlina asali. Miaka yote alikuwa anaingia porini upande wa Ugalla, wanakaa kambini wiki nyingi, wanatoka na madebe. Ndorobo (mbung'o) wa kule mnawajua, wanang'ata juu ya shati. Mwaka 2004 alirudi na homa. Dawa ya malaria, homa inaondoka, inarudi. Ikafika mahali anasinzia mchana na tonge mkononi, usiku halali, anazunguka uani anaongea na watu wasiokuwepo. Majirani wakasema karogwa. Hospitali wakaona vimelea vya malale, ule ugonjwa wa usingizi wa ndorobo, kwenye damu, wakamchoma sindano ya mgongoni, wakasema vimeshaingia kichwani.

Dawa ya hatua hiyo ilikuwa melarsoprol. Ndani yake kuna arseniki. Walitumia bomba za kioo, wakatuambia dawa inakula plastiki. Ikipita kwenye mshipa analia mtu mzima kama amepakwa pilipili ndani. Na kabla ya yote walituita, wakatueleza wazi kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaopewa dawa hiyo, watano au zaidi huuawa na dawa yenyewe. Marehemu babu ndiye aliyeweka dole gumba.

Akaamka. Damu safi. Tukashangilia, tukauliza amepona? Daktari akasema: "Tutajua baada ya miaka miwili." Arudi kila miezi 6 achukuliwe maji ya uti wa mgongo, wahesabu chembechembe nyeupe na kutafuta vimelea. Mara ya kwanza alirudi. Mara ya pili akakataa katakata. Maneno yake: "Mimi nimepona. Wanaotaka maji waende mtoni."

Yupo hadi leo, mzee wa miaka 70 na kitu, analima. Lakini kwenye daftari lao nina hakika hajaandikwa amepona. Atakuwa ameandikwa amepotea.

Linaloniuma ni hili. Tangu siku ile usingizi wake haujawahi kutulia, na hasira zake ziko karibu, hakuwa hivyo. Shangazi anasema ugonjwa bado umo, umejificha. Mama anasema ni ile sumu ya dawa. Kaka yangu anasema kichwa kilishaumizwa kabla hatujafika hospitali, vimelea vimekufa ila walichokibomoa hakikujengeka. Miaka 20 tunabishana kwenye kila msiba, na yeye mwenyewe amekaa palepale anatusikiliza.

#17 ChumviYaUvinza
Pole sana ndugu. Malale ya huku si ndiyo ileile ya Kongo? Nasikia mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kujua. Isije ikawa ndiyo hali ya mzee.

#18 MsomiWaMwanga
Hapana, ni ndugu wawili tofauti. Ya Kongo ni gambiense, inakwenda polepole, mtu anaweza kukaa nayo miaka. Ya kwetu Tabora, Kigoma na kusini zaidi mpaka Malawi ni rhodesiense, inakaa kwenye wanyama pori na ng'ombe, na ikimpata mtu huwa haimpi muda. Bila tiba huua ndani ya miezi. AsaliYaKaliua, kwa hesabu hiyo mzee wako amethibitisha mwenyewe kwa kuishi miaka 20. Hakuna maji ya mgongo yanayoshinda huo ushahidi. Hizo hasira na usingizi ni swali jingine.

Na mkisikia historia yake mtashangaa. Robert Koch, yule aliyetangaza kidudu cha TB tarehe 24 Machi 1882, alikuja Afrika Mashariki kutafuta dawa ya malale. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, anawachoma watu atoxyl, nayo ya arseniki. Akipima damu baada ya sindano, vimelea havionekani. Akaamini amepata dawa. Vikarudi. Dozi ikaongezwa, wagonjwa wengine wakapofuka. Damu ilikuwa safi kweli, ila vimelea vilikuwa vimeshavuka kwenda kwenye ubongo ambako atoxyl haifiki.

Na haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 1890 alitangaza tuberculin kuwa tiba ya TB, wagonjwa wakamiminika Berlin. Haikuponya. Leo inatumika kwa kipimo cha ngozi tu. Mtu mwenye macho makali kuliko wote wa zama zake kwenye hadubini, na mara mbili aliona kupona ambako hakukuwepo.

#19 AsaliYaKaliua
Nimekusoma mkuu, nimemsomea na mama. Amesema "basi ni dawa". Hajabadilika.

Kwa wanaoingia porini: tangu 2024 Shirika la Afya Duniani limeingiza fexinidazole kwa malale ya kwetu, vidonge vya siku 10. Sitaki mtu mwingine apite kwenye ile sindano ya kioo.

#20 NesiMstaafu
Nimesoma uzi wote. Nilifanya kazi kliniki ya VVU kwa miaka mingi, na maneno yaliyotusumbua kuliko yote ni "virusi havionekani". Tunamwambia mgonjwa hivyo kumpongeza. Anafika nyumbani anasema "sina tena". Baba mmoja aliacha dawa kwa sababu hiyo, na pia mganga mmoja alikuwa amempa chupa mwezi uleule, kwa hiyo sifa zote zikaenda kwenye chupa. Baada ya miezi alirudi amebebwa.

Niliwahi kuwasimulia wagonjwa habari ya mtoto wa Mississippi, Marekani. Alizaliwa 2010 na mama mwenye VVU, akaanzishiwa dawa ndani ya saa 30. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu hivi dawa zikakatika. Aliporudishwa, walimpima kwa kila kitu walichonacho, hawakukuta virusi. 2013 dunia nzima ikatangaziwa amepona. Julai 2014, baada ya miezi 27 bila dawa, virusi vikarudi. Vilikuwa vimelala ndani ya chembe za kinga ambazo hazikufikiwa na sindano ya kuchukulia damu.

Kwa hiyo mimi siamini kwamba "kutoonekana" na "kutokuwepo" ni kitu kimoja, kwa ugonjwa wowote.

#21 Hadubini
Nesi, kwa VVU nakuunga mkono mia kwa mia. Ila usiweke kapu moja na TB na malaria. VVU vinajiandika ndani ya vinasaba vya chembe yetu, dawa zilizopo haziwezi kuvifuta. TB ina dawa inayoua.

#22 NesiMstaafu
Inaua wengi, mwanangu, sikatai. Inaua wote? Hapohapo Afrika Kusini, 2016, Chuo Kikuu cha Stellenbosch walitoa utafiti. Wagonjwa waliomaliza dozi na kutangazwa wamepona, walipopigwa picha za PET wengi bado walikuwa na sehemu za mapafu zinazowaka kama pana mapambano, na kwenye makohozi ya baadhi yao zilikutwa alama za bakteria aliyekuwa akifanya kazi. Na wengi wao waliendelea kuwa wazima. Inawezekana dawa inapunguza, na kinga ya mwili ndiyo inayomalizia au inayowafungia ndani.

#23 Hadubini
Huo utafiti naujua. Alama hizo haziwi ushahidi kwamba ugonjwa utarudi, na wenyewe waliandika kwa tahadhari. Lakini sina jibu la kukushinda hapo mama.

#24 SautiYaGungu
Naomba niongee kama mwanamke. Mimba ya kwanza kliniki walinikuta na kaswende. Tulichomwa sindano za penisilini mimi na mume wangu, yakaisha. Mimba ya pili, kile kipimo cha haraka, mistari miwili tena. Mume wangu alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Alihamia kwa kaka yake wiki tatu. Hakuna aliyenieleza chochote, nilichomwa tena tu.

#25 Hadubini
Dada pole mno. Kile kipimo kinashika kingamwili ambazo kwa watu wengi hubaki maisha yote. Ukishaugua mara moja, kitasema "ndiyo" hata ukiwa bibi. Kinachotakiwa ni kipimo kingine cha damu, RPR, kinachotoa kiwango, uone kinashuka: kama kilikuwa 1:32 kishuke kifike 1:8 au chini zaidi. Mwite mumeo asome hapa.

#26 SautiYaGungu
Amesoma. Amekaa kimya. Asante.

#27 MwishoWaReli
Hadubini, na taifodi? Mimi nina taifodi sugu mwaka wa nne, kila nikipima ipo 1/160.

#28 KijanaWaToronto
Taifodi ya miaka minne na kila Jumapili uko kwenye mgebuka wa kuchoma pale Kibirizi. Huyo kidudu ana subira.

#29 Hadubini
Hicho ni Widal, nacho ni kingamwili vilevile, na hakifai hata kugundulia sembuse kuthibitisha kupona. Kaoteshe damu au choo. Wapo wanaobeba taifodi kwenye kifuko cha nyongo bila kuumwa, kama yule mpishi Mary Mallon wa New York, waliyemfungia kisiwani tangu 1907, wakamwachia 1910, wakamrudisha 1915 mpaka alipofariki 1938. Yeye mwenyewe hakuwahi kukubali kwamba anaumwa. Ila wewe wasiwasi wangu ni kwamba hujawahi kuwa nayo.

#30 DagaaWaKibirizi
Mimi ni wa maboti. Ebola ikisikika ng'ambo tunapimwa joto pale mwaloni, nikauliza kwa nini wanasubiri siku 42 ndipo waseme imekwisha. Nikaambiwa ni siku 21 mara mbili, tangu mgonjwa wa mwisho apimwe hana virusi au azikwe. Hata Marburg ya Kagera 2023 walihesabu hivyohivyo. Lakini mlipuko wa Guinea wa 2021, vinasaba vilionyesha virusi ni vya mlipuko wa 2014 hadi 2016. Mtu alikuwa amepona, ameruhusiwa, amekaa na virusi miaka mitano hivi mwilini bila kuumwa. Hapo mimi nilichoka. Amepona au hakupona huyo?

#31 Mawese
Kwa Kiswahili amepona. Gari likipinduka Malagarasi watu 3 wakatoka hai, tunasema "watatu wamepona". Hakuna anayeuliza kama mguu umevunjika. Kupona kwetu ni kutokufa. Labda mjomba na kliniki wanatumia neno moja kwa mambo mawili.

#32 MsomiWaMwanga
Hilo ni zito Mawese. Lakini mjomba hatumii la kunusurika. Yeye anauliza: atamwambukiza binti yetu? Hilo lina jibu jepesi zaidi, maana mtu wa TB ya kawaida huacha kuambukiza mapema sana, wiki chache ndani ya dawa zinazomfaa.

#33 MamaZuhura
Narudia swali langu la #6. Binti anasemaje?

#34 MwanaWaHeru
Wakuu samahani kwa ukimya, nilikuwa safarini. Nimesoma kila bandiko, nyingine nimesoma mara mbili.

Jumamosi nilimwendea mjomba mwenyewe, bila mdogo wangu. Nikamweleza habari ya kikopo na kohozi kama Hadubini alivyoeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanieleza kwamba mkewe wa kwanza aliugua kifua miaka ya 80, akamaliza dawa, wakaambiwa ni mzima, wakasherehekea. Mwaka haukuisha akaanza kutema damu. Hakuvuka. Kama ugonjwa ulirudi au alipata mwingine, au dawa za wakati ule, hajui, na hakuna wa kumuuliza. Anasema tangu hapo neno "mzima" la hospitali likimfikia linasimama mlangoni.

Tumekubaliana kusubiri mwaka mmoja tangu kidonge cha mwisho. Miezi 4 imeshapita.

#35 Hadubini
Mwaka mmoja siyo ujinga. TB inayorudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Lakini asikae tu kuhesabu siku. Akianza kukohoa wiki mbili, au uzito ukishuka, asisubiri mwaka uishe, aje asubuhi kabla hajala, kohozi la kwanza baada ya kuamka ndilo zuri.

#36 NesiMstaafu
Na mjomba mpeni pole yangu.

#37 MwanaWaHeru
MamaZuhura, nimemuuliza binti leo, ni kweli hatukuwa tumemuuliza. Amesema yeye ndiye aliyekuwa anamletea mdogo wangu uji wodini, wakati sisi ndugu tunasimama dirishani. Alipimwa, akafuatiliwa, hana kitu. Amesema kama ni kuogopa angeogopa wakati ule. Halafu akaniuliza hiyo miezi 8 iliyobaki nani ataihesabu, yeye au mjomba. Sikuwa na jibu nikamwambia nitauliza huku.

#38 MamaZuhura
Mwambie anihesabie na mimi. Aje Ujiji nimwone.